Tete Kwenye Gilasi ya Mjomba Gust

Binti yangu Fenne alijifunza kucheka kwa sababu ya tete. Alikuwa kwenye kiti chake jikoni, bado hajajua kukaa bila kuegemea upande, nami nilikuwa nimebana tete midomoni nikilijaribu kama limeiva. Tete la oboe ukilipuliza peke yake, kabla hujalichomeka kwenye ala, halitoi muziki. Linawika. Linatoa mlio wa jogoo mwenye mafua. Fenne alinitazama, akakunja uso, nikajua sasa analia. Kumbe kicheko kilikuwa kinatafuta pa kutokea.

Tangu siku ile tete likiwika vizuri nyumbani kwetu, mtoto anacheka. Likiwa bovu, anaendelea kutafuna kijiko chake. Mume wangu Bavo husema tumpeleke chuoni akafundishe.

Oboe ni zumari. Ina mti mweusi, vibonyezo vya fedha, na huko juu kabisa vipande viwili vya tete vilivyofungwa pamoja kwa uzi, vyembamba hata mwanga unapita. Nilianza kuipiga nikiwa mtu mzima, kwenye madarasa ya jioni ya chuo cha muziki cha mjini, ambako fundi bomba hukaa karibu na muuguzi, na muuguzi karibu na mwanafunzi wa sekondari. Kila mmoja ana kisanduku chake, na wote tuna swali lile lile lisiloisha. Mwanafunzi atengeneze matete yake mwenyewe, au anunue?

Mwalimu wetu Reinhilde, ambaye kila wiki ana plasta kwenye kidole tofauti, hajawahi kutulazimisha.

"Mimi simkatazi mtu kununua," husema. "Soksi nanunua. Viatu nanunua. Lakini tete linakaa mdomoni mwako, na aliyelikwangua hajawahi kukuona meno. Halafu matete yanakufa. Tena hayafi Jumanne, yanakufa siku ya sikukuu. Sasa siku hiyo utamlilia nani?"

Kwa hiyo nilijaribu. Fenne akilala mchana, mimi nilikuwa mezani na kisu. Nilikuwa na kopo la biskuti lililojaa matete yangu yaliyokufa. Mengine yalivuja hewa pembeni, mengine yalikuwa mazito kama mlango wa kanisa, na moja lilikubali kutoa noti moja tu, tena noti ambayo haikuwa kwenye ukurasa.

Mama mkwe wangu Godelieve alilifunua kopo hilo siku moja akitafuta biskuti.

"Haya ni makaburi," akasema.

"Ni masomo, Mama."

"Masomo. Mwanangu, mimi mkate nanunua kwa mwokaji, na hakuna mtu hapa kijijini Wilderbeke aliyewahi kusema sijui kula."

Godelieve anapiga klarineti ya kwanza kwenye bendi ya kijiji tangu akiwa msichana wa kusuka nywele. Klarineti hutumia tete moja bapa. Yeye huchukua boksi dukani, anachomoa moja, anabana, anapiga, na maisha yanaendelea. Kwake, mtu anayekwangua tete kwa kisu huku mtoto ana meno yanayoota ni mtu aliyekosa shida akaamua kujitengenezea.

"Lakini Mama, tete la dukani halikunijua mimi."

"Na bwana wangu hakunijua mimi siku ya kwanza. Tulizoeana."

Nisingebishana naye sana kama isingekuwa misa ya Mtakatifu Sesilia. Mtakatifu huyo ndiye msimamizi wa wanamuziki, na kila Novemba bendi yetu hupiga kanisani Jumapili asubuhi, kisha tunarudi ukumbini kula na kucheza mpaka viatu viishe. Mwaka huo kiongozi wetu Firmin, ambaye siku za kazi anauza baiskeli, alichagua wimbo wa polepole unaoanza na oboe peke yake. Bendi nzima inanyamaza, zumari linasema maneno yake, ndipo wengine wanaingia kwa upole nyuma yake.

Na hapa lazima niseme jambo ambalo kila mpiga bendi wa kijijini analijua. Watunzi wanaelewa kwamba vijiji vingi havina oboe. Kwa hiyo sehemu ya oboe huandikwa pia kwenye karatasi ya klarineti ya kwanza, kwa noti ndogo ndogo, ili oboe ikikosekana klarineti iseme badala yake. Noti hizo ndogo ndizo Godelieve alizokuwa akizipiga miaka yote. Kijijini kwetu, ukisema oboe, watu walimfikiria yeye.

"Mwaka huu tuna oboe ya kweli," Firmin alitangaza. "Godelieve, noti ndogo zipumzike."

"Zipumzike," akasema Godelieve, akaanza kufuta klarineti yake, akaifuta zaidi ya ilivyohitaji.

Nilizitaka noti zile. Tangu Fenne azaliwe nilikuwa nimekaa nyumbani muda mrefu, na nilipojiunga na bendi nilipewa kiti cha pembeni na karatasi yenye mapumziko mengi kuliko noti. Nilitaka mara moja tu niseme kitu mimi mwenyewe, na watu wakisikie.

Bavo aliyaona makaburi yangu kwenye kopo, akanionea huruma, akaninunulia tete la dukani kwa siri na kulificha kwenye kiatu changu. Lilikuwa zuri. Sauti ilitoka kama siagi kwenye mkate wa moto. Fenne alilicheka kwa adabu tu, lakini mimi nilishukuru, nikaufungia mjadala wote kwenye kabati pamoja na kisu. Alhamisi nikamweleza mwalimu Reinhilde.

"Sawa kabisa," akasema. "Na la akiba?"

"La akiba bado."

Akanitazama, akanyonya kidole chake chenye plasta.

Mazoezi ya mwisho yalikuwa Ijumaa jioni, kwenye ukumbi ulio nyuma ya baa. Tete lazima lilowekwe kabla ya kupigwa, na mimi hubeba kichupa kidogo cha maji kwa kazi hiyo. Jioni ile niligundua kwamba Fenne, ambaye sasa anatambaa na kubeba kila kitu, alikuwa amekihamishia mahali anapojua yeye. Nikaenda kaunta, nikaomba maji kidogo kwenye kitu chochote. Mwenye baa akanipa kilichokuwa karibu na mkono wake, nacho kilikuwa kigilasi cha jeneva, pombe kali isiyo na rangi, kama maji. Nikaweka tete langu ndani, nikakitua kigilasi kwenye kiti kilicho nyuma yangu, nikaanza kuunganisha zumari.

Nyuma yangu hukaa Mjomba Gust, kaka yake Godelieve, mpiga ngoma kubwa. Mjomba Gust ana desturi. Kabla Firmin hajanyanyua fimbo yake ya kuongozea, yeye humeza jeneva moja, kwa mkupuo, huku macho yake yapo kwenye karatasi. Amefanya hivyo tangu enzi za kiongozi aliyepita, na aliyemtangulia.

Nilisikia sauti ya *krak*.

Nikageuka. Mjomba Gust alikuwa ametoa ulimi nje, na juu ya ulimi palikuwa na tete langu, limepasuka katikati.

"Jeneva gani hii haina ladha," akasema taratibu. "Na kijiti cha nini?"

"Mjomba," nikasema.

"Nilidhani ndiyo mtindo mpya. Mjini siku hizi wanaweka vijiti kwenye kila kinywaji."

Godelieve aliinuka kutoka safu ya klarineti, akaja, akalichukua tete kwenye ulimi wa kaka yake kwa vidole viwili.

"Gust," akasema, "umekula oboe."

"Nimeitafuna kidogo tu."

"Miaka yote nakwambia uangalie kwanza unachokunywa."

"Na wewe miaka yote unaniambia niangalie karatasi. Nina macho mangapi?"

Bendi nzima ilikuwa inacheka, hadi mpiga tuba akalazimika kuiweka tuba chini. Nilicheka pia, kwa sababu ukimwona Mjomba Gust na ulimi ule huwezi kufanya vinginevyo. Lakini nilipotazama kile kipande kilichopasuka mkononi mwa mama mkwe wangu, kicheko changu kiliishia njiani. Duka la matete liko mbali, na posta haileti kitu Jumapili.

Firmin aligonga kinara chake cha karatasi kwa fimbo. "Godelieve. Noti ndogo, tafadhali."

Akazipiga. Alizipiga vizuri sana, nisingependa mtu afikiri vinginevyo. Sauti yake ilikuwa ya duara na tulivu, na alipomaliza watu wa tarumbeta walisugua miguu sakafuni, ambayo ndiyo makofi yetu wakati mikono imeshika ala. Mimi nilikaa na zumari lisilo na mdomo juu ya magoti.

Mwishoni Firmin akanijia. Si mtu mkali. "Njoo Jumapili mapema kabla ya misa," akasema. "Ukiwa na tete linalosema, utapiga. Lisiposema, anapiga Godelieve. Kanisani siwezi kubahatisha."

Jumamosi, tulipokwisha kunywa kahawa ya asubuhi, nilifungua kabati nikatoa kisu, uzi, vibomba vya shaba na vipande vya tete alivyonipa Reinhilde. Bavo alimvika Fenne kofia, akamtoa nje kutembea. La kwanza nililifunga likavuja. La pili nililifunga kwa nguvu zaidi, uzi ukakatika. Nilikuwa nalisokota la tatu, uzi umeshikwa kwa meno, mlango wa jikoni ulipofunguliwa bila hodi, na hivyo ndivyo nilivyojua ni Godelieve.

Alikuwa amebeba supu. Aliiweka juu ya jiko, akasimama nyuma ya bega langu.

"Unaufunga kama mtu anayefunga mbwa," akasema.

"Mama, leo nakuomba."

"Sogea."

"Mama."

"Sogea, nimesema. Mikono yako inataka kulia."

Nilisogea. Watu wasiomjua vizuri Godelieve humjua kwa klarineti tu, lakini majira ya baridi yeye husuka lesi kama mama yake na bibi yake, kwa vijiti vingi na nyuzi nyembamba zisizoonekana ukivaa miwani isiyo yako. Akalishika tete, akalitazama pande zote mbili.

"Uzi unaanzia wapi?"

"Hapa. Unapanda mpaka pande mbili zifunge kabisa, zisipitishe hewa, halafu unarudi chini kwenye shaba. Ukikaza sana linapinda. Ukilegeza linavuja."

"Kumbe ni hivyo tu."

"Si hivyo tu, Mama."

Lakini kwake ilikuwa hivyo tu. Vidole vyake vilizunguka bila haraka, uzi mwekundu ukajipanga mstari baada ya mstari kama umechorwa, na alipofika mwisho alifunga fundo ambalo sijawahi kuliona darasani. Akalipuliza huku ameziba chini kwa kidole. Hakuna hewa iliyotoka.

"Lete jingine," akasema.

"La nini? Hilo linatosha kuanzia."

"Nimesema lete jingine. Kazi imeninogea."

Yeye akawa anafunga, mimi nakwangua. Kukwangua ndiko kazi yenyewe. Unakata ncha ili midomo ya tete ifunguke, kisha unapunguza kwa kisu, kidogo, unga mwembamba unaanguka mezani, unajaribu, unapunguza tena. Ukizidisha hakuna kurudisha. La kwanza la Godelieve liliwika kama bata. Nilimpigia simu mwalimu Reinhilde, na kwa kelele zilizokuwa nyuma yake nilijua yuko sokoni.

"Liweke karibu na simu," akasema. "Puliza."

Nikapuliza.

"Hapana, subiri, huyu bwana anapima jibini. Haya, tena. Ndiyo. Ncha imelala. Punguza pembe ya kushoto, kidogo mno, kama unamfuta mtoto pua."

Nikapunguza. Nikapuliza.

"Upande mmoja umeamka," akasema Reinhilde. "Sasa uamshe mwingine. Usiguse katikati. Nani huyo anapumua?"

"Mama mkwe wangu. Ndiye anayefunga."

Godelieve aliinamia simu. "Mwalimu, habari za leo. Nina swali. Likifungwa na mimi na kukwanguliwa na yeye, ni lake au si lake?"

"Amelikwangua kwa ajili ya mdomo wa nani?"

"Wake."

"Basi ni lake. Hata angelinunua limefungwa na kulikwangua mwenyewe, ningesema ni lake. Wewe mama, umefunga mangapi?"

"Sijui. Naendelea."

"Yanavuja hewa?"

"Hewa itoke wapi?"

Kelele za soko zikasikika kwenye simu. "Usiache kufunga," mwalimu wangu akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeokota kitu njiani.

Tulikula supu tukiwa tumesimama. Nilipoteza matete mawili kwa tamaa, lile la kwanza na jingine lililofuata, nikikwangua pale ambapo ningepaswa kuacha. Kwenye lililofuata niliogopa, kisu kikasimama hewani.

"Mama," nikasema, "kesho unaweza kuzipiga wewe. Jana ulizipiga vizuri. Kwa nini unanisaidia?"

Hakuinua macho kwenye uzi wake.

"Miaka yote ile nimepiga noti ndogo," akasema. "Ni nzuri, usifikiri sizipendi. Lakini ukipiga wewe, huwezi kukaa ukasikiliza. Na zile ziliandikwa kwa ajili ya oboe. Nataka nizisikie siku moja zilivyokusudiwa, kabla masikio yangu hayajaanza ukorofi." Akakata uzi. "Halafu jana ulinitazama kwa macho ya mbwa aliyenyeshewa. Sikulala vizuri. Kwangua."

Nikakwangua. Mara moja kushoto, mara moja kulia. Mlango ukafunguliwa, Bavo akaingia na Fenne begani, mashavu yake mekundu kwa baridi. Nikaliweka tete mdomoni, nikapuliza.

Liliwika. Liliwika juu na chini kwa pamoja, jogoo wawili kwenye uzio mmoja.

Fenne aligeuza kichwa, akatutazama mmoja mmoja, kisha akacheka mpaka akapata kwikwi.

"Hilo," akasema Bavo.

"Hilo," akasema Godelieve, akaanza kufunga jingine.

Kanisa la Wilderbeke mwezi wa Novemba lina baridi ya kuweka siagi. Ala za upepo zikipoa hushuka sauti, na matete ndiyo ya kwanza kununa. Nilifika mapema, Firmin akiwa na skafu yake shingoni, nikachomeka tete lenye uzi mwekundu nikampigia mistari ile. Alisikiliza macho yakiwa juu darini. Kisha akachukua penseli, akaenda kwenye kinara cha klarineti ya kwanza, na juu ya noti ndogo akachora alama ya kimya. Godelieve alikuwa amekwisha kuketi. Aliilaza klarineti magotini, akakunja mikono.

Misa ikafika mahali petu. Padri aliketi. Watu walikohoa vikohozi vyao vya mwisho. Nilikuwa nimelishika tete midomoni muda wote ili lisipoe, na kwa hofu nikataka kulijaribu mara ya mwisho, polepole, pumzi kidogo tu. Lakini tete zuri halijui kunong'ona. Liliwika, katikati ya kimya cha kanisa zima.

Kutoka nyuma, karibu na nguzo alikosimama Bavo, kikasikika kicheko. Kicheko kikubwa cha mtoto, chenye kwikwi mwishoni, kikapanda mpaka kwenye madirisha. Padri alijificha kwenye kitabu chake, mabega yakitikisika. Firmin alinitazama, akatabasamu, akanyanyua fimbo, na hofu yangu ikawa imekwenda bila kuaga.

Nikapiga.

Siwezi kueleza sana, kwa sababu ni kweli alivyosema Godelieve, ukipiga wewe huwezi kukaa ukasikiliza. Najua tu kwamba sauti ilitoka pale nilipoiomba, na kwamba noti ya juu niliyoiogopa ilinisubiri kama mlango ulioachwa wazi. Upande wangu wa kushoto niliona viatu vya mama mkwe wangu, vyeusi, vya Jumapili, havitikisiki. Bendi ilipoingia nyuma yangu, yeye hakuingia. Alikosa mistari yake ya mwanzo yote. Firmin alimwona, akamwacha.

Ukumbini tulikula ulimi wa ng'ombe wenye mchuzi na viazi, na kila aliyepita alinishika bega. Mpiga tuba aliuliza tete lile nimelinunua duka gani, naye anataka kumwambia mpwa wake anayejifunza.

"Duka la Godelieve," akasema Bavo.

"Siuzi," akasema Godelieve. Lakini alifungua mkoba wake wa Jumapili, na ndani, yamepangwa kwenye kisanduku chake cha sindano, palikuwa na matete yaliyofungwa, mekundu, ya bluu, ya kijani, ncha zake bado hazijakatwa. Alikuwa amefunga jana mpaka uzi ukaisha, kisha akaenda kwa jirani kuomba uzi. "Mwalimu wako anayataka ya darasa zima. Nimemwambia kwa simu, mimi nafunga tu. Kukwangua kila mtu na mdomo wake."

"Na la dukani, Mama?" nikamuuliza. "Bado unasema ninunue?"

"Nunua moja ulifiche," akasema. "Mwenye busara ana mkate wa mwokaji na unga kabatini."

Nikachukua lile la kijani, nikaomba maji ili niliache lilainike, nilikwangue kesho Fenne akilala. Mwenye baa akaniletea kwenye kigilasi cha jeneva. Alikuwa amesahau, au alikuwa hajasahau.

Mjomba Gust, upande wa pili wa meza, alinyoosha mkono kuchukua gilasi yake. Mkono ukasimama hewani. Akainyanyua gilasi hadi kwenye taa, akafumba jicho moja, akaitazama juu, akaitazama chini, akaizungusha, wote tukimsubiri, na Fenne kwenye mapaja yangu ameacha hata kutafuna kijiko chake. Ndipo akanywa.